Mwili wa Nani?

Mwaka 1992, nikiwa kijana wa Kayanga niliyeishia darasa la saba na kujifunza mengine kwa vitabu vya kuazima, nilitunga shairi la beti 12 kuisifu ngome ya Mombasa. Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona picha yake katika kitabu cha historia kilichokwisha kupoteza jalada, na picha ile ikanitosha. Shairi lilianza hivi:

Ngome yasimama wima, bahari yaipigia,
Mawe yake ni ya zama, hayajui kuchakaa.

Vina vimekaa, mizani imetimia, na wazee wa hapa kwetu wapendao tungo walinipongeza. Leo nalishitaki shairi lile mimi mwenyewe, kabla sijamshitaki mtu mwingine. Katika beti zote 12 hamna binadamu hata mmoja. Mna mawe, mna mawimbi, mna mizinga, mna popo na mbalamwezi. Niliisifu nyumba bila kuuliza nani alikuwa ndani yake, na nani kati yao alikuwa hawezi kutoka. Na hata hilo la mawe nilikosea. Ni mawe ya matumbawe, bahari inayala, na katika miaka ya karibuni imebidi ujengwe ukuta wa kuyakinga na mawimbi.

Hatimaye nilifika Mombasa Agosti 2023. Safari ya basi kutoka Karagwe hadi Dar es Salaam, kisha Tanga, kisha mpaka wa Horohoro, na mwisho kivuko cha Likoni, haina la kusimuliwa isipokuwa magoti yaliyovimba. Asubuhi yake niliingia ngomeni pamoja na kundi la watoto wa shule. Kijana aliyetuongoza, mwenye Kimvita kitamu kusikiliza, alitusimamisha uani akatutaka tuiwaze ngome kama aionavyo ndege aliye juu: kichwa kimeelekea baharini, buruji za pembeni ndizo mikono na miguu, na yote kwa jumla ni mtu aliyelala chali. Watoto wakafurahi. Mmoja akajilaza chini kuigiza, mwalimu wake akamwinua kwa sikio.

Kijana huyo simlaumu hata chembe. Alisema linalosemwa, na linalosemwa limepigwa muhuri mkubwa. Mwaka 2011 UNESCO iliitia ngome hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba ramani yake, iliyochorwa na Mtaliana Giovanni Battista Cairati kwa amri ya Wareno, inaonyesha fikra ya Ulaya ya karne ya 16 kwamba ulinganifu kamili hupatikana katika mwili wa mwanadamu. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Mwili wa nani? Ni mwili uliokuwamo kichwani mwa mchoraji, usiotoka jasho, usiosikia kiu, usiougua tauni, usiofungwa minyororo. Mwili huo ndio uliotukuzwa ulimwenguni. Miili iliyobeba mawe, iliyokufa kwa njaa juu ya kuta na iliyolala sakafuni ikihesabiwa kila jioni imebaki kuwa habari ya pembeni, na sisi watunzi wa lugha hii ndio tulioiacha pembeni.

Tuanze na kitenzi. “Wareno walijenga.” Mimi ni mfasiri, nimeishi kwa vitenzi miaka 30, na nakiri kwamba nimekifasiri hicho mara nyingi bila kukikagua. Ujenzi ulianza 1593 na kazi kubwa ikamalizika 1596. Wanahistoria husema waashi waliletwa kutoka India na vibarua wakatolewa Malindi, ambako mtawala wake alikuwa amefungamana na Wareno dhidi ya Mvita. Basi aliyejenga ni nani? Katika Kiswahili tunayo kauli ya kutendesha, tumerithishwa bure na babu zetu: Wareno walijengesha. Silabi moja tu imeongezeka, na mara watu wanaingia katika sentensi: kuna anayeamuru, na kuna anayebeba. Mtunzi anayeweza kupima mizani 16 katika mstari asiniambie silabi hiyo imemshinda.

Waraka wa UNESCO haukosi watu kabisa, na haki ni haki. Unawataja watu wa asili ya Kiafrika, Kiarabu, Kituruki, Kiajemi na Kizungu, na kusema kwamba ngome inashuhudia mabadilishano ya utamaduni baina yao. Neno hilo, mabadilishano, nililikodolea macho usiku kucha. Kubadilishana ni jambo la watu wawili, kila mmoja ana kitu mkononi, na kila mmoja anaweza kukataa akaenda zake. Nenda kaliseme mbele ya habari za 1631, pale Yusuf bin Hasan alipoinuka. Huyu baba yake aliuawa kwa hila ya Wareno, naye akachukuliwa mtoto hadi Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme wa kuwekwa, na mwisho akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni na Wareno waliokuwa mjini, na pamoja nao wenyeji waliokuwa wamebatizwa na kukataa kuiacha dini hiyo. Mwaka uliofuata aliiacha ngome na kukimbilia baharini. Ukoo wake, dini yake, jina lake, utoto wake, vyote vilichukuliwa. Na alipolipa kisasi, alilipa pia kwa damu ya watu wasiokuwa na hatia. Haya ndiyo tuyaite mabadilishano? Kama lugha za Ulaya zina neno laini la kuyafunikia hayo, Kiswahili hakilazimiki kulifuata.

Lakini kisa kilichonikosesha usingizi zaidi ni kingine. Mnamo Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, na mzingo ule ulidumu hadi Desemba 1698, miezi 33. Wenye kupenda ushujaa wa mizinga watakusimulia meli ya Santo António de Tanná iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na ni kweli vitu vyake vilivyopigiwa mbizi katika miaka ya 1970 vinapendeza. Mimi nataka uwatazame watu. Katikati ya mwaka huohuo wa 1697 tauni ilikuwa imewamaliza Wareno waliokuwa ndani. Ngome ya mfalme wa Ureno ikawa mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, mtu wa pwani hii hii, pamoja na jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika 8, na wanawake wa Kiafrika 50.

Wanawake 50! Waliilinda mpaka Septemba, meli nyingine ilipofika. Kwa muda ule ule ambao ngome ilikaribia zaidi kuanguka, waliokuwa wengi kuliko wote ndani yake walikuwa wanawake weusi, ambao yamkini hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwamo. Walikuwa watumwa wa nani? Wake wa nani? Walipigana, au walichota maji na kuwazika waliokufa kwa tauni, au yote mawili? Nani aliwapikia watoto, kama watoto walikuwapo? Ngome ina buruji nne, kila moja ina jina la mtakatifu: Mateus, Matias, Felipe, Alberto. Kuta zina majina. Wanawake 50 wana tarakimu.

Sasa nawaelekea watunzi wenzangu, na nitasema bila kuwapaka mafuta. Tuna tenzi za vita, tuna mashairi ya majahazi, ya pepo za kaskazi na kusi, ya mji wa Mvita na fahari yake. Muyaka wa Mwinyi Haji aliishi chini ya kuta zile wakati wa Mazrui, naye alizijua siasa zake kwa kuwa mambo ya mji wake yalikuwa yanamhusu. Huyo ana udhuru wake. Sisi tuliokuja baadaye, tulioipata ngome ikiwa imekwisha kuwa picha ya kadi ya posta, udhuru wetu ni upi? Nionyesheni utenzi wa wanawake 50. Nionyesheni hata ubeti. Nitafurahi kuaibishwa.

Kisha kuna miaka 63 ambayo msemaji huipita kwa pumzi moja. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895 waliigeuza ngome kuwa jela, na ikabaki jela hadi 1958. Ndipo ikafanywa mnara wa taifa, ikakarabatiwa kwa msaada wa mfuko wa Gulbenkian wa Ureno, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Fanya hesabu kidogo. Wareno waliikalia miaka 102 tangu kumalizika kwake, na muda mfupi tena walipoirudia 1728 na 1729. Waomani, Mazrui na Busaidi waliishika karibu karne mbili. Jela ilidumu miaka 63, na ndiyo sehemu iliyo karibu nasi kuliko zote. Wako wazee wa Mombasa walio hai leo waliokuwa vijana wakati mlango ule ungali unafungwa nyuma ya watu. Mwaka 1593 hatuwezi kuuuliza kitu. Mwaka 1957 tunaweza, na tunachelewa.

Ndani ya makumbusho nilionyeshwa michoro ambayo mabaharia na askari wa Kireno waliichora ukutani katika karne ya 17: merikebu, samaki, makanisa. Ni michoro ya watu waliochoshwa na ugeni na kungojea, na imetunzwa, na ni vyema imetunzwa. Niliitazama nikamhurumia mchoraji wake. Lakini na yule aliyefungwa humo mwaka 1920 kwa kukosa kodi, au kwa kuiba mbuzi, au kwa kumjibu bwana shamba vibaya, naye alikuwa na kucha na ukuta. Alikwangua nini? Chokaa ilipakwa mara ngapi juu yake?

Hapa lugha yetu imetenda kazi ambayo sisi tumeikwepa. Wareno walituachia maneno: meza, bendera, leso, mvinyo, kasha. Na walituachia gereza. Asili yake, kama wanavyoeleza wajuzi wa maneno, ni igreja, yaani kanisa. Nyie wa Unguja mnaijua habari hii kwa miguu, kwa kuwa mnaikanyaga: pale ilipo Ngome Kongwe palikuwa na kanisa la Wareno, Waomani walipowafukuza wakajenga ngome juu yake, watu wakaendelea kupaita Gereza, na ngome nayo ikaja kutumika kufungia watu. Kanisa, ngome, jela, neno moja. Hakuna kamati iliyokaa kulipitisha. Waliolitamka walikuwa wapagazi, wavuvi, wapishi na wachota maji, na kila jengo la wakubwa lilipobadili kazi wao walilitazama kutoka nje, au kutoka chini, na kuliona ni lile lile. Mimi nimefasiri vitabu, na sijawahi kutoa fasiri kali kama hiyo. Hata Karagwe, ambako Mreno hakujenga hata banda, mtu akihukumiwa husemwa amekwenda gereza.

Na nyie mnaokaa jioni katika uwanja wa Ngome Kongwe kutazama filamu na kusikiliza taarabu wakati wa tamasha, siwanyimi raha yenu. Niliwahi kukaa hapo nami nikala urojo. Nauliza tu kama kuna aliyewahi kupanda jukwaani akaanza kwa kutaja kwamba tunakaa ndani ya Gereza.

Nitajibiwa, na majibu nayajua. La kwanza ni kwamba mtu wa bara, aliyekulia kwenye migomba na ukungu wa Karagwe, hana haki ya kuwafundisha watu wa pwani historia yao. Sawa. Basi niseme na ya kwetu, kwa sababu si safi. Novemba 1861 Omukama Rumanyika aliwapokea Speke na Grant huko Bweranyange, mwendo wa kawaida kutoka hapa nilipo. Tunajivunia ukarimu ule, na kila mgeni anayefika husimuliwa. Tusilopenda kusimulia ni kwamba Speke aliomba kumpima shemeji mmoja wa Omukama, mmoja wa wanawake wa ikulu waliokuwa wakinyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama. Akamzungushia utepe wa kupimia, na kipimo kipo kitabuni mwake hadi leo: kifua futi 4 na inchi 4, urefu futi 5 na inchi 8, na paja, na mkono, na muundi. Jina lake hakuandika. Nasi tunaowahesabu Abakama wetu kizazi baada ya kizazi bila kukosea, sijapata kumsikia mtu akilitaja jina la mama yule. Mzungu alichukua inchi zake, sisi tukachukua sifa ya kumkaribisha Mzungu. Basi nilipoambiwa uani pale Mombasa kwamba ngome imepimwa kwa mwili wa mwanadamu, sikusikia habari ngeni ya pwani. Nilisikia utepe ule ule.

Jibu la pili hutoka kwa wenye hasira: kama ni hivyo, jina la Yesu lifutwe, ngome ibomolewe, au iachwe bahari iimalize. Siko nao. Kubomoa ni kumalizia kazi ya chokaa. Ukuta ukianguka, alichokwangua mfungwa kinaanguka nao. Jina nalo libaki, kwa kuwa ni ushahidi: waliipa jela yao ya baadaye jina la mtu aliyefungwa, akahukumiwa na kuuawa na dola, na hawakuona kinaya. Tukilifuta tutakuwa tumewafutia wao aibu.

La tatu ndilo zito, nalo ni la tumbo. Watu wanaishi kwa ngome ile: waongozaji, wauza madafu, wachonga vinyago, wenye vibanda vya Mji wa Kale. Mgeni amelipa kiingilio aone uzuri, hakuja kuhubiriwa. Nalikubali tumbo, langu pia halishibi kwa mashairi. Lakini ni nani aliyesema mgeni anataka mawe matupu? Mzungu yule yule huenda Robben Island huko Afrika Kusini, akapanda mashua, akasimama mbele ya chumba kidogo alichofungwa Mandela, akalia, na akalipa. Kule jela ndiyo kisa chenyewe. Wafungwa wa Mombasa hawakuwa mashuhuri, hilo ni kweli, na labda wengine walikuwa wezi kweli. Sikujua kwamba mwizi hana mwili.

Ninachodai si kikubwa. Sidai sanamu, sidai siku ya mapumziko. Nadai kwamba anayeijua pwani aende kwa wazee na daftari kabla hawajatutoka, awaulize mlango wa jela ulilia vipi, chakula kilipelekwa na nani, nani alisubiri nje. Nadai kwamba anayefasiri asiandike “walijenga” mahali pa “walijengesha”. Nadai kwamba anayetunga aache kuisifu ngome kwa kusimama. Kila jiwe lililowekwa juu ya jiwe husimama. Na nadai zaidi kwa nafsi yangu, kwa kuwa beti 12 zile zilisomwa, na nimekutana na mwalimu aliyezikariri.

Watoto walipokwisha kutoka, nilimwomba yule kijana anionyeshe walikokuwa wakipata maji wakati wa mzingo. Akanipeleka penye birika la kukingia maji ya mvua. Tukasimama ukingoni. Nikamwambia habari ya wale wanawake 50.

“Hilo, mzee wangu, sijaulizwa na mgeni hata mmoja,” akasema. Akanyamaza kidogo, akiyatazama mawe ya birika. “Ilikuwa mwezi gani?”

“Julai.”

Akahesabu kwa vidole. “Basi masika yashapita. Maji walikuwa nayo.”